Shata ya kipimajoto cha sikio: springi badala ya solenoidi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sehemu moja ndogo ya kipimajoto cha sikio: shata, yaani kile kilango kinachofunguka kwa kufumba na kufumbua ili mionzi ya infraredi ya sikio ikifikie kihisi. Tumezipanga kuanzia swali la msingi hadi la upimaji, na barua ndefu tumezifupisha.

Nimefungua kipimajoto cha sikio kilichokufa nikakuta, nyuma ya mrija unaoingia sikioni, kijibamba cha chuma kinachosukumwa na solenoidi (koili inayosukuma kipande cha chuma ikipitishiwa umeme). Kingine cha kisasa zaidi hakina kitu hicho kabisa. Kijibamba hiki kina kazi gani? Na kama vingine vinafanya kazi bila hicho, siwezi kukiondoa tu? – Fundi wa vifaa tiba

Inategemea kihisi kilichomo. Kihisi cha pairoelektriki, kinachotengenezwa kwa fuwele kama lithiamu tantalati au kwa filamu ya plastiki ya PVDF, hutoa chaji pale tu joto lake linapobadilika. Kikilitazama sikio muda mrefu, ishara hupanda mwanzoni kisha hufifia hadi sifuri, ingawa sikio bado lina joto lile lile. Kwa hiyo lazima kifichwe, kisha kifunuliwe ghafla, na kinachopimwa ni ule mruko wa ishara wakati wa kufunuliwa. Ndivyo kilivyobuniwa kipimajoto cha Jacob Fraden, aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1989. Ukiondoa shata kwenye kifaa cha aina hiyo, umekiua.

Aina ya pili ya kihisi, themopaili, ni mlolongo wa viungo vidogo vya metali au silikoni vinavyotoa volti muda wote ambao upande mmoja una joto kuliko mwingine. Haihitaji kushtuliwa. Baadhi ya vifaa vya zamani vya themopaili viliwekewa shata kwa sababu nyingine: volti yake ni ndogo sana, ya mikrovolti, na amplifaya za zamani zilikuwa na sifuri inayohamahama, hivyo shata ikifungwa kifaa hupata nafasi ya kuisoma sifuri yake upya. Amplifaya za leo hujirekebisha zenyewe, na ndiyo maana kile cha pili ulichofungua hakina kijibamba. Badala yake utaona kihisi kimezungukwa na kipande kinene cha shaba, kazi yake ikiwa kufanya mrija, kihisi na themista (kijisehemu kinachopima joto la kifaa chenyewe) viwe na joto moja.

Ushauri wetu kwa anayeanza kubuni leo ni huu: kama unaweza kupata themopaili nzuri, itumie na usahau shata. Shata iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyokuwepo. Yanayofuata ni kwa wenye kihisi cha pairoelektriki mkononi, au wanaokarabati vifaa vya aina hiyo.

Nabuni kipimajoto cha sikio kwa mradi wa stashahada. Nina kihisi cha pairoelektriki chenye elementi mbili. Solenoidi inanimalizia betri, na kila inapogonga ishara inaruka. Nimejaribu kuunganisha kitufe moja kwa moja na kijibamba, lakini nikibonyeza taratibu napata nambari ndogo. Ipo njia rahisi inayofanya kazi? – Mwanafunzi wa elektroniki

Ipo, na umeshaikaribia. Kosa la muundo wako wa pili ni kwamba kidole chako ndicho kinachoamua kasi ya shata.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Njia ya sikio ni kama pango, hivyo hutoa mionzi karibu sawa na mwili mweusi, yaani kitu kinachotoa mionzi yote inayowezekana kwa joto lake. Sikio likiwa na 37 °C na shata ikiwa na 25 °C, tofauti ya mionzi ni takriban wati 76.6 kwa kila mita ya mraba. Badiliko la digrii moja ya sikio ni wati 6.8 hivi. Kwa hiyo kosa la 0.1 °C ni chini kidogo ya asilimia 1 ya ishara yote.

Sasa chukua kihisi ambacho ishara yake hufifia kwa kiwango cha muda (muda wa kushuka hadi kama asilimia 37) cha nusu sekunde. Wakati shata bado inafunguka, ishara imeshaanza kufifia, hivyo kilele hakifikii urefu wake kamili. Ikifunguka kwa milisekunde 10, kilele ni asilimia 99 ya kinachotakiwa. Kwa milisekunde 60 ni asilimia 94. Kwa milisekunde 160, yaani ubonyezaji wa kawaida wa mtu asiye na haraka, ni karibu asilimia 86. Kati ya kidole chepesi na kidole kizito umepoteza sehemu ya 11 ya ishara, na hiyo ni digrii nzima. Mtoto mwenye homa ya 39 °C anaweza kuonekana ana 37.8. Hili si jambo la kuachia programu ibahatishe.

Utaona pia kwamba shata haihitaji kuwa na kasi ya ajabu. Inachohitaji ni kasi ile ile kila mara, kwa sababu upungufu usiobadilika utafutwa na kalibresheni, yaani kukirekebisha kifaa kwa joto linalojulikana. Kasi isiyobadilika ndicho kitu ambacho springi hutoa bure.

Tunapendekeza hivi. Kitufe kisisukume shata, kibane springi. Shata ishikwe na ndoano. Kitufe kikifika karibu na mwisho wa safari yake, mteremko mdogo uliochongwa ubavuni mwake uinue ndoano, na hapo springi ifanye kazi peke yake. Kidole kinapoachia, kitufe kinarudishwa na springi yake ya pili, kinaiburuta shata kwa ukingo wake hadi ndoano inapoingia tena mahali pake. Hakuna koili, hakuna transista ya kuiendesha, na betri haiguswi.

Vipimo vya kuanzia, kwa mrija wenye tundu la milimita 6:

Bamba la shata ni alumini ya milimita 0.2, upana milimita 10, urefu 22 pamoja na mkia. Uzito wake ni gramu 0.12. Linashikwa na kiteleza cha plastiki ya asetali chenye gramu 0.5. Tumia asetali kwa sababu huteleza vizuri bila mafuta. Mafuta au grisi yoyote karibu na dirisha la kihisi hatimaye hulifikia, na filamu ya mafuta hula mionzi.

Safari yote iwe milimita 9. Bamba liwe limepita ukingo wa tundu kwa milimita 1.5 likiwa limefungwa, na libaki na milimita 1.5 za ziada baada ya tundu kufunguka kabisa. Usizipunguze hizi mbili. Ile ya mwanzo huipa shata nafasi ya kushika kasi kabla haijaanza kufunua tundu. Ile ya mwisho ni ya mdundo: bamba likigonga kizuizi na kurudi nyuma kidogo, lisifike kuziba tundu tena.

Springi itoe wastani wa nyutoni 0.3 katika safari hiyo. Msuguano ukila nyutoni 0.1, kiteleza kitamaliza milimita 9 kwa takriban milisekunde 7.5, na tundu lenyewe litafunuliwa kwa chini ya milisekunde 4. Msuguano ukishuka hadi nyutoni 0.05 safari nzima inakuwa milisekunde 6.7. Tofauti hiyo ya milisekunde 0.8 inagusa kipimo kwa takriban 0.01 °C tu. Linganisha na digrii nzima ya muundo wa kidole. Usishawishike kuweka springi ya nyutoni 2 ili iende haraka zaidi. Hutafaidi chochote kwenye ishara, na utaongeza kishindo.

Kishindo ndilo tatizo la pili, na ndicho kilichokuwa kinarusha ishara yako kwa solenoidi. Fuwele za pairoelektriki zote huitikia pia mtikisiko na kubanwa. Kizuizi cha mwisho kifunike kwa mpira wa silikoni wa milimita 1, na kishikizwe kwenye ganda la nje, kamwe si kwenye kipande kinachobeba kihisi. Kihisi chako cha elementi mbili kitasaidia sana hapa: elementi zimeunganishwa kinyume, mtikisiko huzifikia zote mbili na kujifuta, ilhali mionzi iruhusu ifike moja tu. Ukikuta elementi zote ziko wazi, ziba moja kwa kipande cha karatasi ya alumini nje ya dirisha, bila kuigusa elementi.

La tatu husahauliwa na wengi. Ingizo la saketi ya kihisi lina ukinzani wa gigaomu kadhaa au makumi, na chaji tuli kidogo tu inatosha kulidanganya. Bamba la metali lililokaa juu ya plastiki na kusuguliwa hubeba chaji, na likipita mbele ya kihisi utaona mruko unaofanana kabisa na joto. Liunganishe bamba na hasi ya saketi kupitia springi ya chuma yenyewe: mwisho mmoja uguse mkia wa bamba, mwingine uguse waya wa hasi. Njia ya kujua kama tatizo ni hili: elekeza kifaa kwenye kitu chenye joto sawasawa na la chumba, bonyeza, na utazame ishara kwenye osiloskopu. Ikiruka wakati hakuna tofauti ya joto, ni chaji au mtikisiko. Ziba tundu, kati ya bamba na kihisi, kwa kipande cha alumini kilichounganishwa na hasi, bonyeza tena. Ikinyamaza, ni chaji. Ikiendelea, ni mtikisiko.

Kuhusu mpangilio wa usomaji, kuna jambo moja ambalo solenoidi ilikupa na springi haikupi: prosesa haiwezi kuizuia shata isifunguke. Weka kiunganishi kidogo kinachofunga kitufe kikiwa kwenye theluthi ya kwanza ya safari. Hapo prosesa iamke, isome themista na iangalie kama ishara imetulia ilipo. Kiunganishi cha pili kiwe kwenye kizuizi, kitoe wakati kamili shata ilipofika. Soma ishara mfululizo kabla na baada, chukua kilele, kisha soma themista tena. Kama ishara haikuwa imetulia kabla ya kufunguka, usionyeshe nambari. Onyesha alama ya kurudia. Kifaa kinachomwambia mtumiaji arudie ni salama kuliko kinachotoa nambari isiyoaminika.

Bamba la shata lipakwe rangi nyeusi au liachwe ling'ae? Nimeona vifaa vya aina zote mbili. – Mbunifu wa vifaa

Shata ndiyo rula ambayo joto la sikio hupimwa dhidi yake. Ishara inatokana na tofauti kati ya sikio na kile kihisi kilichokuwa kinakiona kabla, yaani uso wa ndani wa shata.

Uso huo ukiwa mweusi, kihisi kinaona joto la shata yenyewe. Basi kosa la joto la shata linaingia karibu lote kwenye jibu: shata ikiwa na moto zaidi ya themista kwa 0.5 °C, jibu litashuka kwa takriban 0.44 °C. Bamba jeusi linafaa tu kama themista imegusana nalo vizuri, na kufunga themista kwenye kitu kinachoruka kila kipimo ni kutafuta waya zinazokatika.

Uso ukiwa kioo safi unaotoa asilimia 5 tu ya mionzi ya mwili mweusi, kihisi kinajiona chenyewe pamoja na mrija ulio karibu nacho. Kosa lile lile la 0.5 °C linabaki kama 0.02. Themista inakaa kwenye kipande cha kihisi, mahali palipotulia. Kwa shata rahisi tunachagua kioo bila kusita: alumini iliyong'arishwa, au bora zaidi iliyopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu haifanyi kutu. Masharti ni mawili. Bamba liwe sambamba na dirisha la kihisi na karibu, milimita 0.3 hadi 0.5 kutoka mwisho wa mrija. Likiinama, kioo kitamwonyesha kihisi ukuta wa ganda. Na usiliguse kwa kidole. Alama ya kidole hutoa mionzi vizuri sana, na doa moja linakurudisha nusu ya njia kuelekea bamba jeusi bila wewe kujua.

Uso wa nje, unaotazama sikio, uwe wa kung'aa kwa vyovyote, ili joto la sikio lirudishwe kabla halijaipasha shata.

Kuna waya unaojikunja ukipitishiwa umeme, wa aloi ya nikeli na titani. Si ungekuwa rahisi kuliko springi na ndoano? – Msomaji

Kwa kufungua mlango wa kitu kingine, ndiyo. Hapa hapana. Waya huo hufanya kazi kwa kupashwa moto, nao ungekaa sentimita moja kutoka kwa kihisi kinachotakiwa kutambua sehemu ya kumi ya digrii. Tena hufunguka polepole, na kasi yake hubadilika kufuatana na joto la chumba.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi solenoidi inayoshikilia shata wazi. Volti 3 na miliampea 300 kwa sekunde moja ni jouli 0.9, kiasi cha kutosha kupandisha koili yenye gramu 5 za shaba kwa karibu nusu digrii. Kama solenoidi haiepukiki, tumia ile yenye sumaku ya kudumu inayobaki ilipowekwa, ukiipa umeme kwa muda mfupi wa kufungua na kufunga tu.

Kipimo cha kwanza ni 37.1, nikirudia hapo hapo sikio lile lile napata 36.9, kisha 36.8. Ni shata inachoka? – Muuguzi

Springi haichoki kwa vipimo vitatu. Mambo mawili yanasababisha hali hii, na yote huvuta nambari chini. Ncha ya kifaa ni baridi kuliko sikio na kila ikiingia huipoza njia ya sikio kidogo. Wakati huo huo joto la sikio huingia kwenye ncha na kuipasha shata mapema kuliko themista, na kama tulivyoeleza, shata yenye moto isiyojulikana hushusha jibu.

Chukua kipimo cha kwanza kuwa ndicho. Ukitaka kuhakikisha, subiri dakika mbili au tatu au tumia sikio la pili, ukikumbuka kwamba masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana kidogo. Kifaa kilichotoka chumba chenye joto tofauti kiachwe kama nusu saa. Na ukivuta sikio la mtu mzima juu na nyuma, ncha hutazama kiwambo cha sikio badala ya ukuta wa njia. Kosa la kulenga ni kubwa kuliko makosa mengi ya shata tuliyoyajadili.

Nimebadilisha springi na kusafisha shata. Nitajuaje kwamba kipimajoto kinasema kweli kabla ya kukirudisha wodini? – Fundi wa karakana ya hospitali

Usikirudishe kwa kukilinganisha na sikio lako. Tengeneza pango la joto linalojulikana. Chukua mrija wa shaba wenye ukuta mwembamba, kipenyo cha milimita 15 hivi na urefu usiopungua milimita 100, uzibe upande mmoja, upake ndani rangi nyeusi isiyong'aa, uuzamishe kwenye maji yanayozungushwa bila kukoma huku mdomo ukibaki nje. Joto la maji lisomwe kwa kipimajoto cha rejea kilichokalibrishwa, chenye uhakika wa angalau 0.05 °C. Ndani ya mrija pawe pakavu kabisa. Tone moja la maji likivukiza linapoza ukuta.

Pima kwenye 35, 37, 39 na 41 °C, mara kumi kila moja, ukisubiri dakika moja kati ya vipimo. Nusu ya mara hizo bonyeza haraka, nusu bonyeza kwa makusudi polepole. Makundi hayo mawili yasipolingana, ndoano inaachia vibaya au kitufe kinaisukuma shata kabla ya kuachia. Usiguse kalibresheni hadi urekebishe hilo. Yakilingana lakini yote yamehama kwa kiasi kimoja, hapo ndipo kalibresheni inahusika. Nambari zikitawanyika bila mpangilio, tafuta bamba linalosugua ukingo wa mrija.

Kiwango cha ASTM (shirika la viwango la Marekani) E1965 kinakitaka kipimajoto cha sikio kisikosee zaidi ya 0.2 °C kati ya 36 na 39 °C, na 0.3 °C nje ya hapo. Kisichofika humo kisiguse mgonjwa.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujakilaumu kifaa. Kama kinatumia vifuniko vya plastiki vya ncha, pima ukiwa umekivalisha kifuniko kipya cha aina yake, kwa sababu kalibresheni ya kiwandani imeshahesabu mionzi inayopotea kwenye plastiki hiyo. Na vifaa vingi huongeza kiasi fulani kwenye jibu ili lifanane na kipimo cha mdomoni au cha ndani ya mwili. Kikiwa kwenye hali hiyo, mbele ya pango la 37.0 kitaonyesha nambari nyingine hata kama ni kizima. Tafuta kwenye mwongozo namna ya kukiweka katika hali ya majaribio isiyo na nyongeza, kisha ndipo uanze kuandika matokeo.